Trauti wa Ziwa Rutundu wanaibuka jioni nzima lakini hawamgusi nzi wangu: tatizo ni mimi, ni samaki, au ni ziwa?

#1 Kijana wa Ruaka

Salaam, wanajukwaa.

Mwishoni mwa Januari mimi na binamu yangu tulipanda hadi Ziwa Rutundu, kaskazini mashariki mwa Mlima Kenya, kwa siku mbili za kuvua trauti kwa nzi bandia, yaani ndoana iliyovishwa unyoya ili ifanane na mdudu. Kwa wasiolijua, ni ziwa dogo lililo katika mwinuko wa zaidi kidogo ya mita 3,000, na samaki wake ni uzao wa kupandikizwa na binadamu. Tulilipa ada ya hifadhi, tukakata leseni ya uvuvi, kisha tukapanda kutokea upande wa Timau kwa gari ambalo lilihitaji kupumzika mara nyingi kuliko sisi.

Jioni zote mbili upepo ulitulia mnamo saa 11, na uso wa maji ukaanza kujaa miduara, kana kwamba rasharasha zilikuwa zikidondoka kutoka katika mbingu isiyo na wingu hata moja. Nilihesabu miduara zaidi ya arobaini ndani ya umbali ambao mshipi wangu ulifika. Nilimrusha nzi mbele ya samaki, kando yao na, nakiri, mara kadhaa juu ya vichwa vyao. Sikupata hata mguso. Binamu yangu, aliyesimama ng'ambo akiwa na nzi wa aina ileile ya Kenya Bug niliyemtoa katika kisanduku changu mwenyewe, alipata wanne.

Dai langu ni kwamba samaki wa maziwa ya kupandikizwa huelimika. Wamekwisha kuvuliwa na kurudishwa majini mara nyingi, na sasa wanaijua ndoana kwa sura. Binamu anadai kwamba walioelimika ni samaki na asiyeelimika ni mimi. Naomba wenye uzoefu watuamue.

#2 Mzee Kazita

Kabla ya hukumu, mshtakiwa ajibu maswali manne. Ulivaa koti la rangi gani? Ulisimama au ulipiga magoti? Ulikuwa ukivuta mshipi kwa kasi gani? Na samaki walipoibuka, ulikiona kichwa, au uliona mgongo na mkia tu?

#3 Nahodha wa Shela

Mimi ni mtu wa bahari na sijawahi kuvua mahali ambapo maji huganda. Naomba kufahamishwa jambo moja kabla hamjaendelea: mtu analipa ada ya hifadhi, anakata leseni, anapanda mlima, anapigwa na baridi, anamdanganya samaki kwa unyoya wa kuku, kisha akimpata anamrudisha majini? Wazee wetu walisema mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo, lakini hawakusema kwamba akishamjua amwombe radhi.

#4 Kijana wa Ruaka

Mzee Kazita: koti lilikuwa jekundu. Nilisimama, kwa kuwa nyuma yangu kulikuwa na vichaka na nilihitaji kuinua mshipi juu yake. Nilivuta kwa mivuto mifupi, takribani mmoja kila sekunde. Kuhusu samaki, niliona mgongo na ncha ya mkia. Vichwa sikuviona, na hakuna aliyeruka akatoka majini kabisa, ingawa katika kichwa cha uzi niliandika kana kwamba wote walikuwa wachezaji wa sarakasi.

Nahodha: wawili kati ya wale wanne tuliwala, na wawili walirudishwa. Binamu ndiye aliyeamua.

#5 Mwalimu wa Mito

Jibu la swali la nne la Mzee Kazita linatosha, kwa maoni yangu, kuufunga mjadala huu, ingawa najua hautafungika.

Samaki anayeonyesha mgongo na mkia bila kichwa hali kilicho juu ya maji; anakula kilichoning'inia sentimita chache chini ya uso. Katika maziwa ya baridi chakula hicho mara nyingi ni visubi wasiouma. Mdudu huyu huanza maisha kama funza mwembamba ndani ya tope la chini, na spishi nyingi ni nyekundu kwa sababu zina himoglobini inayowasaidia kuishi mahali penye oksijeni haba. Akishakomaa anageuka kuwa bundo, yaani hatua ya kati ya funza na mdudu mwenye mabawa, anapanda polepole hadi juu, na hapo anakwama kwa muda chini ya utando wa uso wa maji kabla ya kupasua ngozi yake na kuruka. Jioni tulivu ndiyo wakati wanaopanda kwa maelfu. Trauti huogelea katika njia moja akiwanywa mmoja baada ya mwingine, bila haraka, kama mtu anayetafuna njugu akisoma gazeti.

Sasa jiweke mahali pake. Mbele yako kuna mabundo elfu moja, madogo kuliko punje ya mchele, yote yametulia. Katikati yao anapita Kenya Bug, nzi mnene mweusi aliye mkubwa mara tatu au nne kuliko mabundo hayo, akikimbia kwa mivuto ya kila sekunde. Huhitaji elimu yoyote ili umpuuze. Nzi huyo ni mzuri sana mitoni, kwa maana anafanana na mambo mengi ambayo mkondo huyabeba, lakini ziwani mkondo haupo, na mwendo wote anaokuwa nao ni ule unaompa wewe.

Tiba yake ni nzi mdogo, uzi wa mbele mwembamba na mrefu, mshipi wa kuelea, na kutovuta kabisa. Unakunja tu mshipi kwa vidole ili usilegee. Wengi hushindwa hapo, kwa sababu mtu aliyelipa fedha nyingi kufika ziwani huona haya kusimama bila kufanya kitu.

#6 Binti wa Kiganjo

Nimekulia karibu na kituo cha serikali cha kuzalishia vifaranga vya trauti pale Kiganjo, kaunti ya Nyeri, na naona sote tumeruka swali la kwanza kabisa: ziwani kulikuwa na samaki wangapi?

Trauti hawazaliani katika ziwa lisilo na kijito kinachofaa. Jike huhitaji kuchimba shimo katika changarawe ambayo maji safi yanapita ndani yake muda wote, ili mayai yapate oksijeni. Mayai yakidondoka katika tope la ziwa yanakosa hewa na kufa. Kwa hiyo maziwa ya namna hii hutegemea vifaranga vinavyoletwa kutoka nje, kwa matangi au hata kwa mifuko ya plastiki iliyojazwa maji na oksijeni, na kila mwaka unaopita bila kuongeza vifaranga ni mwaka wa kupungua. Wengine wanavuliwa, wengine wanaliwa na mnandi, wengine na fisi maji, na waliobaki wanazeeka.

Ndugu Kijana alihesabu miduara arobaini. Hakuhesabu samaki arobaini. Trauti mmoja anayekula visubi katika njia moja anaweza kuchora miduara kumi kwa dakika chache. Inawezekana kabisa kwamba mbele yake kulikuwa na samaki watano, na binamu alipokwisha kuwatoa wanne wa upande wake, ziwa lilikuwa limemalizana nao.

#7 Upepo wa Nanyuki

Maelezo ya nambari 5 na 6 yanapendeza, lakini hakuna kati yake linaloeleza kwa nini ng'ambo moja ilitoa samaki wanne na nyingine haikutoa hata mmoja, ilhali visubi walikuwa pande zote.

Jibu ni upepo. Ndugu anasema ulitulia saa 11, maana yake mchana kutwa ulikuwa ukivuma. Upepo husukuma maji ya juu pamoja na kila kinachoelea, yaani maganda ya visubi, mchwa wenye mabawa na mbawakawa waliodondoka, hadi ufuo ule unaoelekezewa. Trauti wanalijua hilo, na huenda huko kungojea. Mvuvi mvivu husimama ufuo ambao upepo unampiga mgongoni, kwa sababu ni rahisi kurusha. Samaki wako ule ufuo mwingine ambao upepo unakupiga usoni na kukurudishia nzi sikioni. Kijana, upepo wa mchana ulitoka upande gani?

#8 Kijana wa Ruaka

Ulinipiga mgongoni.

#9 Upepo wa Nanyuki

Nashukuru. Sina la kuongeza.

#10 Mtoto wa Nyandarua

Naunga mkono dai la mwenye uzi. Tusisahau kwamba mlowezi Ewart Grogan aliweka trauti katika ziwa hilo mwaka 1905. Samaki waliovuliwa kwa zaidi ya miaka mia moja, kizazi baada ya kizazi, lazima wawe wamebadilika tabia, kwa kuwa wajinga wote walikwisha kukaangwa.

#11 Mwalimu wa Mito

Ndugu wa nambari 10 amechanganya mambo matatu, na kwa kuwa yeye ni mtoto wa Nyandarua nitamsahihisha kwa upole.

Kwanza, mwaka ni sahihi lakini mahali si sahihi. Grogan aliwaleta trauti wake katika Mto Gura, kwenye safu ya Nyandarua, ambao ni mto wa nyumbani kwako. Mayai yalitoka Loch Leven huko Uskochi, yakasafirishwa katika baridi kwa meli, kisha kwa reli, kisha vichwani mwa wapagazi ambao majina yao hakuna aliyejisumbua kuyaandika, ingawa bila shingo zao kusingekuwa na uzi huu.

Pili, wale walikuwa trauti wa kahawia, samaki wa Ulaya. Wa Rutundu ni trauti upinde, wenye mstari wa waridi ubavuni, ambao asili yao ni mito inayomwagikia Bahari ya Pasifiki, katika Amerika Kaskazini na rasi ya Kamchatka huko Urusi. Kitaalamu hata jenasi zao ni tofauti: huyu wa upinde yuko karibu zaidi na samoni wa Pasifiki kuliko na huyo wa kahawia.

Tatu, Binti wa Kiganjo amekwisha kueleza kwamba katika ziwa la namna hiyo hakuna kizazi baada ya kizazi. Samaki mjanja wa Rutundu akifa, ujanja wake unakufa naye. Wanaokuja baada yake ni watoto wa samaki wa bwawani, waliolishwa chakula cha punje na hawajawahi kuona ndoana. Kama kuna elimu, basi kila darasa linaanza upya.

#12 Mtoto wa Nyandarua

Nimesahihishwa, na nimekubali kuhusu Gura. Hata hivyo mtu mmoja aweza kujifunza katika maisha yake bila kurithi, na samaki vivyo hivyo. Hoja ya elimu bado iko hai.

#13 Mkaazi wa Leicester

Naweza kulisemea jambo hilo, kwa kuwa hapa Uingereza uvuvi mwingi wa trauti ni wa maji ya kupandikizwa. Si mbali na ninapoishi kuna Rutland Water, bwawa kubwa la maji ya matumizi ya watu ambalo huongezewa trauti upinde na trauti wa kahawia, nami huvua huko.

Samaki aliyeingizwa ziwani wiki hii hufuata chochote kinachokimbia na kumetameta. Amezoea kwamba kitu kikidondoka majini ni chakula, naye hushindana na wenzake kukifikia kwanza. Baada ya wiki kadhaa huyohuyo hageuzi hata kichwa. Wenyeji hubishana kama amejifunza kuogopa au amejifunza tu kula chakula cha asili, na mambo hayo mawili hayafanani. Mimi naegemea la pili, kwa sababu samaki niliowapasua tumbo baada ya kuwakataa nzi wangu wote wa rangi walikuwa wamejaa mabundo ya visubi hadi kooni. Walikuwa wameshiba kitu kimoja, na hawakuonyesha dalili ya kuogopa chochote.

Kwa hiyo swali langu kwa Binti wa Kiganjo linafanana na lake kwetu: vifaranga vya mwisho vilipelekwa Rutundu lini, na vilikuwa na urefu gani?

#14 Binti wa Kiganjo

Nimekulia karibu na kituo, dada yangu, si ndani ya ofisi yake.

#15 Pumzi Fupi

Nadhani mnasahau mwinuko. Maji ya milimani yana oksijeni nyingi kuliko maji ya mahali pengine popote, ndiyo maana trauti huko wana nguvu na wanaweza kuchagua watakacho. Huko chini samaki ni wavivu na hula kila kitu.

#16 Mwalimu wa Mito

Hili husemwa sana, nami nililiamini hadi nilipopima mwenyewe. Maji ya nyuzi 10 katika usawa wa bahari huweza kubeba takribani miligramu 11.3 za oksijeni kwa lita. Lakini kiasi hicho hutegemea pia kanieneo ya hewa, ambayo katika mwinuko wa mita 3,000 ni kama asilimia 70 ya ile ya pwani. Kwa hiyo maji yaleyale ya nyuzi 10 pale Rutundu yanabeba karibu miligramu 8 tu. Maji ya kisima cha Nahodha kule Shela, yakiwa na nyuzi 27 na yakikorogwa vizuri na hewa, yanabeba kiasi kilekile.

Tofauti ni kwamba mwili wa samaki katika baridi huhitaji oksijeni kidogo zaidi. Anaishi vizuri kwa sababu matumizi yake ni madogo, na si kwa sababu ghala lake limejaa. Hilo laweza hata kueleza uvivu wa kukimbiza Kenya Bug, ingawa sitaki kulitegemea sana.

#17 Nahodha wa Shela

Nimefurahi kwamba kisima changu kimeingia katika elimu ya trauti. Basi nami niruhusiwe kutoa nadharia ya kwetu. Mwezi ulikuwaje?

Baharini tunahesabu bamvua na maji mafu, na najua ziwani hakuna kupwa wala kujaa. Lakini mwanga ni mwanga. Mwezi unapokuwa mpevu, samaki wengi wanaowinda kwa macho hula usiku kucha na jioni huwa hawana njaa ya kweli. Wanachezea chakula tu. Mtu akija saa 11 anaona pilikapilika nyingi, hapati kitu, halafu anailaumu ndoana.

#18 Kijana wa Ruaka

Mwezi ulikuwa karibu kujaa. Nakumbuka kwa sababu tulirudi kibandani bila kuwasha tochi.

#19 Upepo wa Nanyuki

Mwezi huohuo ulimwangazia binamu.

#20 Mzee Kazita

Nimewaacha mseme. Sasa nirudi kwenye koti jekundu.

Samaki aliye chini ya maji tulivu haoni nje kote kote. Mwanga unapoingia majini hupinda, na matokeo yake ni kwamba dunia yote ya juu anaiona kupitia dirisha la mviringo lililo juu ya kichwa chake, lenye upana wa pembe ya nyuzi 97 hivi. Nje ya dirisha hilo, uso wa maji kwake ni kama kioo kinachoonyesha tope la chini. Vitu vilivyo chini sana karibu na upeo wa macho hubanwa pembezoni mwa dirisha hadi karibu visionekane. Kilicho kirefu huinuka ndani ya dirisha, na mtu aliyesimama wima juu ya ukingo wa ziwa, amevaa nyekundu, akipunga ufito wa zaidi ya mita mbili na nusu, hana tofauti na bendera.

Nilikuwa nikiwasindikiza wageni katika maziwa hayo nilipokuwa na magoti mazima. Wageni waliokubali kupiga magoti hatua tatu nyuma ya maji walipata samaki karibu na miguu yao, kwa sababu trauti wa jioni huja ufukweni kabisa, hadi penye maji ya goti. Waliosimama na kuingia majini kwa viatu virefu waliwafukuza samaki hao, kisha wakajitahidi kurusha mbali ili kuwafikia palepale walipokuwa wamewafukuzia. Nilimwona bwana mmoja akifanya hivyo kwa siku tatu. Kila siku aliniambia kwamba ziwa halina samaki, nami kila siku nilipika sufuria ya trauti niliowapata nyuma yake alipokwenda kulala.

Kuhusu vichaka vilivyokuwa nyuma yako: si lazima uinue mshipi mgongoni. Kuna kurusha kwa kuviringisha, ambako mshipi unabaki mbele yako juu ya maji na kukunjuka kama mkeka. Haufiki mbali, lakini nimekwisha kusema kwamba mbali si mahali pa kwenda.

#21 Nahodha wa Shela

Mzee, hapo nimekuelewa kwa mara ya kwanza. Ila bado sijaelewa jinsi unyoya usio na uzito unavyoweza kurushwa kabisa. Sisi tunafunga chubwi la risasi na kulitupa, nalo ndilo linalobeba chambo.

#22 Mkaazi wa Leicester

Katika uvuvi huu uzito uko katika mshipi wenyewe, Nahodha. Mshipi ni mnene, umepakwa plastiki, na nzi ni abiria tu. Ndiyo maana ufito unapelekwa nyuma, unasubiri mshipi ukunjuke wote hewani, kisha unapelekwa mbele. Asiyesubiri hupata fundo, na asiyetazama nyuma huvua kichaka.

#23 Mlinzi wa Vyura

Samahani kwa kuwa mchungu kidogo. Nyote mnajadili jinsi ya kumpata samaki ambaye, tukisema kweli, hakustahili kuwamo. Trauti upinde na trauti wa kahawia wote wawili wamo katika orodha ya Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, ya spishi vamizi 100 mbaya zaidi duniani. Maziwa ya juu ya Mlima Kenya hayakuwa na samaki hawa, na wadudu na vyura walioishi humo hawakuzaliwa wakiwa na kinga dhidi ya mdomo huo. Swali la kwa nini samaki hawali nzi wa unyoya ni dogo mbele ya swali la kile walichokwisha kula.

#24 Binti wa Kiganjo

Hoja yako ni nzito na sitaipinga kwa mzaha. Nitasema tu kwamba ziwa linalotegemea vifaranga lina breki yake: tukiacha kuyapeleka magari, baada ya miaka kadhaa samaki wameisha. Mito ambako wanazaliana wenyewe, kama Gura, ndiyo isiyo na breki. Pia leseni na ada za wavuvi ni fedha zinazoingia katika uchumi wa huko mlimani, na wenyeji hulinda vyanzo vya mito kwa sababu trauti hawavumilii maji yaliyochafuka.

#25 Mlinzi wa Vyura

Vyura nao hawayavumilii, na hawahitaji gari la kuwaleta. Lakini nashukuru kwa jibu la heshima.

#26 Pumzi Fupi

Baada ya kusahihishwa kuhusu oksijeni, naomba nimpe mwenye uzi faraja. Mwanamfalme William wa Uingereza na Kate Middleton walifikia Rutundu mwezi Oktoba 2010, katika safari ileile waliyochumbiana, nao walijaribu kuvua. Maneno ya Kate katika kitabu cha wageni yalichapishwa na magazeti baadaye, na yalikiri kwamba samaki hawakupatikana. Yeye aliondoka na pete. Wewe umeondoka na nini?

#27 Kijana wa Ruaka

Mafua.

#28 Binamu wa Ng'ambo

Nimetumiwa kiungo cha uzi huu na nimejiandikisha ili nijitetee, ingawa naona hakuna anayenishtaki.

Ukweli ni huu. Samaki wa kwanza na wa pili walikamata nzi nilipokuwa simvuti. Nilikuwa nimeuweka ufito chini ili nimimine chai kutoka katika chupa, na mara zote mbili niliuona mshipi ukinyooka wenyewe. Hapo Mwalimu wa Mito atafurahi. Samaki wa tatu na wa nne, hata hivyo, walikuja nilipokuwa nikimvuta nzi harakaharaka nimtoe majini ili nihame, na walimfuata kwa nguvu hadi wakatengeneza wimbi juu ya maji. Hapo sijui nani atafurahi.

Kuhusu mambo mengine: nilikuwa nimekaa juu ya jiwe, nimevaa blanketi la kijivu. Upepo ulinipiga usoni mchana kutwa. Wale wawili tuliowala walikuwa na nyama ya rangi ya waridi iliyokolea, na tumboni mwao nilikuta funza wachache wekundu, mbawakawa mmoja, na kitu kilichofanana na kijiti.

#29 Mzee Kazita

Amekaa, na blanketi ni la kijivu. Naomba karani aandike.

#30 Upepo wa Nanyuki

Karani aandike pia kwamba upepo ulimpiga usoni.

#31 Mwalimu wa Mito

Samaki wa tatu na wa nne wananisumbua. Inawezekana kwamba nzi aliyetoka chini kuelekea juu kwa kasi alifanana na bundo anayepanda, jambo ambalo mvuto wa Kijana, ulioenda mlalo, haukufanana nalo. Lakini wimbi analolieleza ni la samaki anayefukuza, na sidhani kwamba kuna mtu anayefukuza njugu.

Kile kijiti huenda kilikuwa lava wa mdudu anayejijengea nyumba ya vipande vya majani na changarawe. Trauti humeza nyumba pamoja na mwenye nyumba.

#32 Mkaazi wa Leicester

Hao wawili wa mwisho wanafanana kabisa na samaki walioletwa karibuni. Na wale wa kwanza wawili wanafanana na wenyeji wa muda mrefu. Binamu, je, walikuwa na ukubwa tofauti? Na mapezi ya mkia yalikuwa yamekamilika au yamesagika? Samaki wa bwawani husuguana na kuta pamoja na wenzake, na mapezi yake hubaki mafupi kwa muda hata baada ya kuachiwa.

#33 Binamu wa Ng'ambo

Wale wa mwisho wawili ndio niliowarudisha majini, na giza lilikwisha kuingia. Nilikuwa nikitumia ndoana isiyo na kijino, kwa hiyo waliteleza wenyewe kabla sijawatazama vizuri.

#34 Binti wa Kiganjo

Rangi ya nyama nayo haitusaidii sana. Waridi hutokana na rangi iliyomo katika vidudu vyenye magamba ambavyo samaki hula ziwani, lakini wafugaji nao wanaweza kuitia rangi hiyohiyo katika chakula cha punje. Samaki wa ziwani na wa bwawani wanaweza kufanana kabisa sahanini.

#35 Mtoto wa Nyandarua

Kwa hiyo ushahidi pekee uliokuwa na uwezo wa kutuamua ulirudishwa majini kwa hiari, gizani, na mtu aliyekuwa ameshika kikombe cha chai.

#36 Nahodha wa Shela

Niliuliza swali hilo katika nambari 3.

#37 Kijana wa Ruaka

Asanteni nyote. Tunarudi baada ya mvua za masika, tukiwa na siku moja ya Rutundu na moja ya Ziwa Alice, ambalo liko juu zaidi, kwa miguu. Nimenunua koti la kijivu na nzi wadogo weusi kumi na wawili. Binamu atavua upande wangu na mimi upande wake, na tutabadilishana katikati ya jioni. Samaki wote watapimwa kabla ya kurudishwa.

Mzee Kazita, swali moja la mwisho: ukipiga magoti hatua tatu nyuma ya maji, unamfikiaje samaki akishanasa?

#38 Mzee Kazita

Unasimama. Wakati huo amekwisha kukuona.